Kuchagua pampu ya upepo kwa gari na pikipiki za barabara mbovu

Ukitoka Itigi kuelekea Rungwa, au ukishuka Iramba kuingia vijiji vya bonde la Wembere, unaweza kutembea muda mrefu bila kukutana na fundi pancha. Njia ina mawe, mchanga wa makorongo na miiba ya migunga. Tairi likiisha upepo huko, anayechelewa si dereva peke yake. Huenda nyuma amepakia mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspari Itigi, au magunia ya vitunguu yanayosubiriwa na mnunuzi.

Ndiyo maana wasikilizaji wetu wengi wenye gari, pikipiki, bajaji ya mizigo au trekta huuliza swali moja: ninunue pampu gani ya upepo? Madukani zimejaa, kuanzia za mkono hadi za umeme, na kila boksi limeandikwa namba kubwa. Makala hii inaeleza namba hizo zina maana gani, ipi uitazame na ipi isikudanganye.

Kwa ufupi

- Pikipiki na baiskeli: pampu ya mguu au ya mkono inatosha. Ya kuchaji ni nyongeza nzuri.
- Gari dogo na Noah: pampu ndogo ya volti 12 inatosha, ukiipa nafasi ya kupumzika.
- Land Cruiser, Hilux na gari lolote la porini: nunua pampu inayofungwa moja kwa moja kwenye betri.
- Lori: tumia upepo wa lori lenyewe au mashine ya gereji yenye tangi.
- Usinunue kwa kusoma namba ya PSI peke yake. Tazama lita kwa dakika na muda inaoweza kufanya kazi bila kupumzika.

Nguvu ya upepo na wingi wa upepo

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Pampu ina kazi mbili, na kila moja ina namba yake.

Ya kwanza ni nguvu ya kusukuma, inayopimwa kwa PSI, yaani paundi kwa kila inchi moja ya mraba. Fundi akikuuliza "nijaze thelathini?" anazungumzia paundi 30. Baadhi ya geji hutumia bar, na bar 1 ni karibu paundi 14 na nusu. Nyingine hutumia kPa, ambapo kPa 100 ni sawa na bar 1.

Ya pili ni wingi wa upepo, unaopimwa kwa lita kwa dakika. Namba hii ndiyo inayokuambia utakaa barabarani dakika 10 au saa nzima.

Linganisha baiskeli na trekta. Tairi la baiskeli linaweza kutaka paundi 40 au zaidi, lakini ndani yake huingia lita mbili hivi tu, na mtoto anaweza kulijaza kwa pampu ya mkono. Tairi kubwa la nyuma la trekta mara nyingi halifiki hata paundi 20, lakini ujazo wake unaweza kufika lita 400. Pampu ya baiskeli ina nguvu ya kutosha kwa trekta, ila utapampu mpaka jua lizame.

Kwa hiyo boksi lililoandikwa "150 PSI" kwa herufi kubwa halijakuambia jambo la maana. Karibu kila gari dogo hutumia kati ya paundi 28 na 40. Pampu yoyote ya gari inafika hapo. Swali ni itafika baada ya muda gani, na kama itafika kabla haijaungua.

Hesabu ya kumi na mbili

Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Pwani hewa inayotuzunguka ina mgandamizo wa karibu paundi 15, na kwetu ni kama 12. Kutokana na hilo tunapata hesabu rahisi ya kukumbuka: kila unapoongeza paundi 12 kwenye tairi, unahitaji kuliingizia hewa ya nje sawa na ujazo wa tairi lote mara moja.

Chukua makadirio haya ya ujazo wa tairi moja:

- Pikipiki ya bodaboda, tairi la nyuma: lita 6 hivi
- Gari dogo: lita 30 hivi
- Land Cruiser yenye tairi za 7.50-16: lita 60 hivi
- Lori kubwa: lita 150 au zaidi
- Trekta, tairi kubwa la nyuma: hadi lita 400

Sasa tufanye hesabu. Tairi la pikipiki kutoka sifuri hadi paundi 30: 30 ukigawa kwa 12 ni mbili na nusu. Mbili na nusu mara lita 6 ni lita 15 za hewa. Pampu ya mguu inayotoa robo lita kwa mkanyago mmoja itahitaji mikanyago 60, au zaidi kidogo kwa kuwa nyingine huvuja. Hiyo ni kazi ya dakika chache.

Gari dogo kutoka sifuri hadi 30: mbili na nusu mara lita 30, sawa na lita 75. Pampu ndogo inayotoa kweli lita 12 kwa dakika itamaliza kwa dakika 6 au 7. Inatosha.

Land Cruiser iliyopunguzwa upepo hadi paundi 16 ili ipite mchangani, na sasa inataka kurudi paundi 40: ongezeko ni 24, yaani mara mbili ya ujazo, lita 120 kwa tairi moja. Kwa matairi manne ni lita 480. Pampu ya lita 40 kwa dakika itamaliza kwa dakika 12. Ile ndogo ya lita 12 itahitaji dakika 40 za kuunguruma, na mashine nyingi ndogo haziwezi kuunguruma dakika 40 mfululizo.

Hesabu hii pia inaeleza kwa nini pampu iliyomfaa ndugu yako Dar es Salaam huonekana mvivu ikifika Singida. Si mbovu. Kwenye hewa yetu nyepesi inachukua muda zaidi kwa kiasi cha sehemu moja ya tano.

Namba ya boksi na namba ya kweli

Lita kwa dakika zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa pampu ikiwa haijaunganishwa na tairi, ikipuliza hewani. Ukiiunganisha na tairi lenye paundi 30, kasi hushuka, na kwa pampu za bei nafuu inaweza kushuka sana. Baadhi ya watengenezaji huandika namba mbili: moja ya kupuliza hewani na nyingine kwenye mgandamizo fulani. Anayeandika zote mbili amekurahisishia kazi.

Njia ya uhakika ni kuijaribu kabla ya kulipa. Nenda dukani na gari lako, au na tairi la akiba. Toa upepo hadi paundi 15, fungua saa ya kuhesabu muda kwenye simu, kisha mwambie muuzaji ajaze hadi 35. Kwa gari dogo, ikizidi dakika 5 hiyo ni pampu ya kuongeza upepo kidogo tu. Kwa tairi la 7.50-16, kama haijamaliza kwa dakika 5, usiende nayo Rungwa. Muuzaji akikataa kabisa kuijaribu, jibu umeshalipata.

Muda wa kazi na muda wa kupumzika

Kubana hewa huzalisha joto. Pistoni na silinda za pampu ndogo hupata moto haraka, na mashine isiyopumzishwa huyeyusha sili na kuunguza mota. Kwenye karatasi ya maelekezo tafuta sehemu inayotaja muda wa kufanya kazi. Inaweza kuandikwa kwa dakika, kwa mfano "dakika 10, kisha pumzisha dakika 20". Inaweza kuandikwa kwa asilimia: asilimia 33 ina maana theluthi moja kazi, theluthi mbili mapumziko. Asilimia 100 ina maana inaweza kuendelea bila kusimama, kwa mgandamizo na joto lililotajwa na mtengenezaji.

Rudi kwenye Land Cruiser yetu. Pampu ndogo inahitaji dakika 40 za kazi. Ikilazimika kupumzika dakika 20 kila baada ya 10, jumla ni saa 1 na dakika 40 kando ya barabara. Ukiwa na mgonjwa ndani ya gari, tofauti ya bei kati ya pampu mbili huanza kuonekana ndogo.

Umeme unatoka wapi

Pampu ndogo huchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Fyuzi ya tundu hilo kwa magari mengi ni ampea 10 hadi 20. Pampu inayovuta zaidi ya hapo itakata fyuzi, na ukibadilisha kwa kuweka fyuzi kubwa zaidi unaweza kuunguza nyaya za gari. Usifanye hivyo.

Pampu kubwa huja na vibanio viwili vinavyofungwa kwenye vichwa vya betri. Zinaweza kuvuta ampea 30 au zaidi, kwa hiyo washa injini kwanza ili usimalize betri porini. Injini iwe inanguruma mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake unaua.

Angalia pia volti. Magari madogo hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24, na zipo Land Cruiser za volti 24 pia. Ukifunga pampu ya volti 12 kwenye volti 24, itaungua papo hapo.

Betri ya pikipiki ni ndogo mno kwa pampu ya gari. Mwendesha bodaboda atapata amani zaidi kwa pampu ya mguu, au ile ya kuchaji yenye betri yake ndani. Ya kuchaji ina faida ya kuingia kwenye begi na kujizima yenyewe upepo ukifika. Ila ikiisha chaji ni jiwe tu, hivyo usiitupe ile ya mguu. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa mchana wa Oktoba. Betri za aina hiyo huharibiwa na joto, na zinaweza kuwaka.

Lori na gereji

Tairi la lori linalotaka paundi 108 lina hesabu yake: 108 ukigawa kwa 12 ni 9, mara lita 150 ni lita 1,350. Pampu ya gari dogo haifai hapa. Malori mengi yenye breki za upepo yanaweza kutoa upepo kutoka kwenye mfumo wake yenyewe kupitia mpira maalumu, na dereva mwangalifu hubeba mpira huo. Baada ya kujaza, acha mfumo urudishe upepo wote wa breki kabla ya kuondoka.

Fundi pancha wa kijijini anahitaji mashine yenye tangi. Kama kijiji kina umeme, mota ya nguvu farasi 2 ya umeme wa kawaida wa nyumbani inaweza kuhudumia pikipiki na magari madogo. Kama hakuna umeme, zipo za injini ya petroli. Jambo la kutazama kwa makini ni tangi. Lazima liwe na vali ya usalama inayofunguka yenyewe, swichi inayozima mashine tangi likijaa, kikinga mkanda, na bomba la kutolea maji chini. Maji hayo yatolewe kila siku. Yakikaa, hutengeneza kutu ndani, na tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka kama bomu. Tangi lililotoboka lisichomelewe na kurudishwa kazini.

Vitu vidogo vyenye maana

*Geji.* Geji iliyojengwa ndani ya pampu za bei nafuu mara nyingi haisemi kweli. Nunua geji ya pembeni na uiweke kwenye gari. Pima asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi, kwa sababu joto likiongezeka nyuzi 10 upepo hupanda kwa paundi 1 hadi 2.

*Kiwango sahihi.* Kisome kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Si kiwango cha gari lako.

*Mpira wa upepo.* Ufike matairi yote manne bila kusogeza pampu. Kichwa cha kuzungusha hushika vizuri, ila hupoteza upepo kidogo wakati wa kukitoa. Kile cha kubana ni cha haraka, lakini kikizeeka huchomoka.

*Chujio.* Vumbi letu la kiangazi hula pistoni. Chagua pampu yenye chujio linalotoka na kusafishwa. Ukiitumia, iweke juu ya turubai au ubao, si kwenye mchanga, kisha irudishe kwenye mfuko wake.

*Vifaa vya kuziba.* Pampu haizibi pancha. Kwa matairi yasiyo na tyubu, ambayo wengi huyaita tyubulesi, beba vijiti vya mpira vya kuzibia na kifaa cha kuvichomekea. Kwa yenye tyubu, beba tyubu ya akiba, viraka, gundi na vyuma vya kufungulia tairi.

Kupunguza upepo mchangani

Kuna sababu nyingine ya kubeba pampu nzuri. Tairi lenye upepo pungufu hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, kwa hiyo haliizami kwenye mchanga. Madereva wa jangwani Oman hufanya hivyo kila siku, wakishuka hadi paundi 15 au 18. Kwenye makorongo yetu ya mchanga, gari lisilo na mzigo mzito linaweza kushushwa hadi karibu paundi 20 na likavuka bila kusukumwa. Usishuke chini ya 15, kwani tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi. Gari lililojaza magunia lisipunguzwe hivyo. Shusha mzigo kwanza.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, kupunguza upepo husaidia kidogo tu. Tope likishajaza meno ya tairi, unahitaji koleo na subira.

Jambo la lazima ni kurudisha upepo kabla ya kuingia lami. Tairi laini likikimbia hujikunja kila mzunguko, hupata moto, kisha hupasuka. Asiye na pampu ya kurudisha upepo asithubutu kupunguza, maana njia panda ya lami inaweza kuwa mbali na fundi wa kwanza.

Usalama wakati wa kujaza

- Usiliinamie tairi linalojazwa. Simama upande wa mbele au nyuma ya gurudumu, si mbele ya ubavu wake.
- Ringi za malori zenye vipande na pete ya kufungia ni hatari zaidi. Pete ikifyatuka huua. Ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, na asikaribie mtu.
- Tairi lililotembezwa bila upepo lifunguliwe na kukaguliwa ndani kabla ya kujazwa. Nyuzi zake zinaweza kuwa zimekatika bila kuonekana nje.
- Usitumie petroli wala gesi kulipua tairi ili likae kwenye ringi.
- Usijipulizie upepo wa mashine mwilini kuondoa vumbi. Unaweza kuumiza macho, masikio na ngozi.
- Watoto hupenda kusogea wakisikia mashine. Waondoe kwanza.

Kununua na kumiliki

Si lazima kila mtu awe na pampu kubwa. Kijiwe cha bodaboda kinaweza kuchangia mashine moja yenye tangi, na kikundi cha wakulima wenye trekta na pawatila kinaweza kufanya vivyo hivyo. Mkikubaliana, andikeni nani anaitunza, nani anatoa maji ya tangi kila jioni, na ikiharibika hela inatoka wapi. Mashine ya wote isiyo na mwenyewe haimalizi msimu wa alizeti.

Ukinunua, dai risiti ya EFD na uandikiwe muda wa dhamana. Uliza kama fyuzi, sili, mpira wa upepo na chujio vinapatikana Singida mjini au mpaka viagizwe. Pampu ya bei ya kati yenye vipuri hapa karibu ni bora kuliko ya jina kubwa isiyo na hata sili moja mkoani.

Mwisho, usiiache kwenye boksi ukisubiri siku ya shida. Mara moja kwa mwezi iwashe, pima matairi yote pamoja na la akiba, na ulijaze. Wengi hugundua porini kwamba tairi la akiba nalo halina upepo.